Uzio Si Amani

Leo tunaomba tuzungumze juu ya hofu, na si hofu yetu sisi wenyeji peke yake, bali pia hofu ya wageni wanaofanya kazi kati yetu, hapa Shinyanga, kule Kahama, na katika ukanda wote wa dhahabu mpaka Geita. Tutasema kwa ukali kidogo. Atakayeona tumemgusa, na atafakari kwanza kabla ya kukasirika.

Katika juma lile la uchaguzi wa Oktoba 2025, watu wawili walifika ofisini kwetu siku moja, kila mmoja kwa wakati wake. Wa kwanza alikuwa fundi wa mitambo, mgeni kutoka nchi mojawapo ya Afrika Magharibi, anayefanya kazi za kandarasi migodini. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima, na mkewe huko nyumbani alikuwa hajapata ujumbe wake kwa siku kadhaa. Alitaka kujua kama barabara ya Mwanza inapitika, na kama watu wa hapa wanawachukia wageni. Aliuliza swali hilo la pili akiwa ametazama chini.

Wa pili alikuwa mama mmoja wa hapa hapa, anayepika katika kambi wanamolala wafanyakazi kama yule fundi. Hakuajiriwa na mgodi, ameajiriwa na wakala. Baada ya kutusalimu alisema hivi: “Padre, wenzetu wamepewa karatasi. Imeandikwa wakutane wapi, gari gani litawachukua, wampigie nani. Sisi tumeambiwa tu tusije mpaka tutakapoitwa. Sasa siku hizi zitalipwa? Na nikipatwa na jambo njiani nikirudi kutoka zamu ya usiku, nitahesabiwa nilikuwa kazini au nilikuwa nyumbani?”

Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimpa maji ya kunywa na nauli ya bodaboda. Tangu siku ile swali lake limekaa nasi, na ndilo linalotusukuma kuandika leo. Hoja yetu ni moja tu: mpango wa usalama unaohesabu watu kwa pasipoti si mpango wa usalama. Ni mpango wa kutoroka. Na mahali ambapo baadhi hupangiwa kutoroka na wengine hupangiwa kungoja, hapana amani upande wowote wa uzio.

Tuanze na kilicho haki. Tusimcheke mgeni mwenye hofu. Wapo kati yetu waliosema kwa kejeli, “Wanalipwa fedha nyingi, waache waogope.” Maneno hayo hayafai. Mgeni hajui lugha inayosemwa sokoni pale kelele zinapoanza. Hajui ni mtaa gani wa kupita na upi wa kukwepa. Kibali chake cha kazi kimefungamana na mwajiri wake, kwa hiyo hawezi kuamka asubuhi akaamua kwenda kutafuta riziki kwingine. Wazee wetu waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumwekea mgeni sharti la rangi wala la mshahara. Walijua kwamba nyumba isiyotembelewa ina ugonjwa.

Tena yaliyotokea si ya kupuuzwa. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, maandamano yalianza Dar es Salaam na kuenea katika miji mingine, ikiwemo Mwanza, jirani zetu. Amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam. Intaneti ikafungwa, na haikuanza kurudi mpaka Novemba 3. Balozi za nchi kadhaa, ukiwemo ubalozi wa Marekani, ziliwatahadharisha watu wao. Novemba 11, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kuwa taarifa ilizopokea zinaonyesha mamia ya watu waliuawa. Aliyeogopa siku zile hakuwa mwoga. Alikuwa na macho.

Lakini sasa tuulize: tunaposema “wageni”, tunamsema nani? Hapa ndipo udanganyifu wa kwanza unapojificha. Likitajwa neno hilo, wengi wetu tunamwona mhandisi mweupe kutoka Australia au Afrika Kusini, ndani ya gari la vioo vya giza. Huyo yupo. Lakini mgeni ni yule fundi wa Afrika Magharibi pia. Mgeni ni dereva Mnyarwanda au Mrundi anayelala chini ya lori lake pale bandari kavu ya Isaka akingoja shehena. Mgeni ni Mkongo mwenye biashara ndogo Kahama, na mwalimu Mkenya anayefundisha watoto wetu hesabu. Huyu hana karatasi ya kumwambia gari lipi litamchukua. Ubalozi wake uko mbali, na akiba yake ni ya juma moja.

Na tazameni ni mgeni yupi aliyeumia. Iliripotiwa kwamba siku ile ya Oktoba 29 mwalimu mmoja raia wa Kenya, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alipigwa risasi akafa, na ndugu zake wakahangaika kuutafuta mwili wake. Hakuwa bilionea wa dhahabu. Alikuwa mtu wa chaki.

Hapo inatupasa kusema jambo kwa watawala wetu, kwa heshima lakini bila kumung'unya. Katika hotuba ya kuapishwa kwake, Novemba 3, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alisema kwamba baadhi ya vijana waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Kama wapo waliotenda jinai, wafikishwe mahakamani kwa majina yao na makosa yao. Lakini neno la namna hiyo likitoka juu bila majina, linashuka chini likiwa limevaa sura ya kila jirani mwenye lafudhi tofauti. Kumbukeni pia kwamba mwishoni mwa Julai mwaka ule ule Serikali ilikuwa imetoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu na uchimbaji mdogo wa madini. Taifa lina haki ya kulinda riziki ya watu wake, hilo hatulikatai. Tunachokataa ni tabia ya kumfanya mgeni mnyonge kuwa maelezo ya kila tatizo: njaa ni yeye, vurugu ni yeye. Tatizo lililozaliwa nyumbani halitibiwi kwa kumfukuza mpangaji.

Tena sisi ni nani hata tuwanyoshee wageni kidole? Watoto wetu nao ni wageni kwa watu. Septemba 2016, madereva wa malori, wengi wao Watanzania, walitekwa na waasi wa Mai Mai katika eneo la Namoya, mashariki ya Kongo, nchi ya dhahabu kama hii yetu, na malori yakachomwa moto. Nchi nzima ilishusha pumzi walipookolewa. Aprili 2023, vita vilipolipuka Khartoum, Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, walitolewa kwa njia ya Ethiopia na kurudishwa kwa ndege ya shirika letu. Vijana wetu wawili waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023, na mwili wa mmoja wao ulibaki Gaza mpaka Novemba 2025. Mzazi aliyekesha akingoja simu kutoka Kongo au Sudani anajua kwamba yule fundi aliyekaa ofisini kwetu ana mama yake mahali fulani, naye anakesha vile vile.

Basi hofu ya mgeni ni ya haki, na kumkinga ni wajibu. Ugomvi wetu uko wapi? Uko katika namna ya kumkinga.

Turudi Kigali, Aprili 1994, kwa sababu ukanda huu hauwezi kusahau Kigali. Wengi wenu mnakumbuka mwisho wa mwezi ule, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Lakini kabla ya hapo palitokea jambo katika shule ya ufundi ya Kicukiro, ETO, iliyokuwa ya Wasalesiani. Watu zaidi ya 2,000 walikuwa wamekimbilia pale, kwa sababu askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi humo. Aprili 11 walikuja askari wa Ufaransa na magari yao. Walikuja kuchukua wageni. Wageni walipokwisha kutolewa, askari wa Ubelgiji nao wakaondoka. Wauaji walikuwa wakingoja nje ya geti. Wengi wa walioachwa waliuawa siku ile ile.

Tafakarini jambo hilo polepole. Kwa hesabu ya waliolipanga, zoezi lilifanikiwa: kila aliyekuwa kwenye orodha alifika salama. Kosa halikuwa katika kutekeleza orodha. Kosa lilikuwa ni orodha yenyewe. Na hata sisi watu wa altare hatuna la kujivunia, maana wapo watumishi wa Kanisa waliopanda magari yaliyowatoa wageni katika mji ule. Lakini wapo pia waliobaki. Padre Vjeko Ćurić, Mfransisko kutoka Bosnia, hakuondoka katika parokia yake ya Kivumu. Aliendelea kuendesha malori ya chakula na kuvusha watu kwa siri kuwapeleka Burundi, na miaka minne baadaye, Januari 1998, alipigwa risasi Kigali akafa. Hatumtaji ili kumdai kila mgeni ushujaa wa namna hiyo. Ushujaa ni zawadi, haudaiwi kwa mkataba. Tunamtaja ili isisemwe kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kuwa mgeni.

Khartoum mwaka 2023 ilirudia somo lile kwa namna ndogo zaidi. Wanadiplomasia wa Magharibi waliondoka kwa haraka, na pasipoti za Wasudani waliokuwa wameomba viza zikabaki zimefungiwa ndani ya balozi. Nyingine ziliteketezwa na ubalozi wenyewe. Mwenye pasipoti alibaki katikati ya risasi bila karatasi ya kuvukia mpaka. Hakuna aliyemchukia. Hakuhesabiwa tu.

Tunasikia mkitujibu: “Padre, Shinyanga si Kigali.” Ni kweli, na tuombe isiwe kamwe. Mtaongeza: “Mgodi una wafanyakazi maelfu. Hauwezi kuwapakia wote kwenye ndege. Na Mtanzania apelekwe wapi, wakati hapa ndipo kwao?” Hoja hiyo ina uzito, nasi tunaikubali nusu yake. Hatudai ndege kwa kila mtu. Mpishi wetu hakuomba ndege. Aliuliza juu ya mshahara wake na juu ya njia ya kurudi nyumbani usiku. Wanaotujibu kwa habari ya ndege wanajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza, ili wasijibu lile lililoulizwa.

Nusu ya pili ya hoja yao tunaikataa. Kusema “hapa ni kwao” kana kwamba kuwa kwenu ni kinga ya risasi, ni kusahau ni nani hufa nchi inapochafuka. Hufa mwenyeji. Anayeishi nje ya uzio, katika nyumba ya bati, kando ya barabara wanamopita askari na waandamanaji, ndiye aliye karibu zaidi na hatari. Ndiye pia asiye na siku za ziada, kwa sababu asipofanya kazi leo hali kesho.

Wala hatuleti jambo geni lisilo na msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, na miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa, utaifa umetajwa wazi. Mara nyingi tunaisoma kana kwamba inamlinda mgeni dhidi yetu. Na isomwe pia upande wa pili. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba yuko mwajiri wa moja kwa moja na yuko mwajiri asiye wa moja kwa moja, na kwamba huyu wa pili naye ana wajibu kwa mfanyakazi. Maneno hayo yangeweza kuandikwa Geita. Kampuni kubwa huipa kazi kampuni ndogo, kampuni ndogo humpa wakala, wakala humwajiri mama wa jikoni. Siku ya mshahara mnyororo huo hushuka mpaka kwake. Siku ya hatari hukatika mahali fulani njiani, na kila mmoja humwelekeza kwa mwenzake.

Basi tunadai nini? Tuseme kwa uwazi, ili asiwepo wa kusema tunalalamika tu.

Kwanza, mpango wa dharura uwe mmoja. Kila anayepita getini kwa kitambulisho cha kazi, awe wa kampuni, wa kandarasi au wa wakala, awe na jina lake katika orodha moja, na ajue akimbilie wapi. Mpango huo uandikwe kwa Kiswahili na usomwe kwa sauti mwanzoni mwa zamu, kama zinavyosomwa taratibu za mlipuko na za moto.

Pili, siku ambazo mwajiri mwenyewe amefunga kazi kwa ajili ya hatari, zilipwe kwa wote. Si haki mhandisi akae chumbani na mshahara wake ukitembea, na mpishi akae nyumbani na mshahara wake ukilala.

Tatu, usafiri wa zamu ya usiku umfikishe mwenyeji mlangoni pake wakati wa machafuko, na aliyekwama aruhusiwe kulala ndani ya uzio. Vitanda vipo. Tunavijua, maana tumekwenda kuvibariki.

Nne, mlinzi wa getini asiachwe kuwa ukuta wa mwisho. Ni kijana wetu, analipwa kidogo, na ndiye anayesimamishwa kati ya hasira ya nje na mali ya ndani. Anayempanga hapo ajibu pia kuhusu uhai wake.

Kwa Serikali tunaongeza neno moja. Kuzima mawasiliano hakuzimi hofu. Katika siku zile za Oktoba na Novemba, kila uvumi uliofika katika vijiji vyetu ulikua ukipita mdomo hadi mdomo, na hapakuwa na habari ya kweli ya kuukata. Mgeni aliogopa wenyeji, mwenyeji aliogopa askari, na tunaamini hata askari aliogopa. Tume iliyoundwa Novemba 2025, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipewa kazi ya kuchunguza yaliyotokea. Ukweli juu ya waliokufa si anasa ya wanasiasa. Ni sehemu ya usalama wa kazi. Mwekezaji hatulii katika nchi ambayo wafu wake hawajahesabiwa, na mwananchi hatulii zaidi.

Nanyi wageni wetu mnaosomewa tafakari hii na marafiki zenu wajuao Kiswahili, sikilizeni kwa upendo. Msione haya kuogopa. Lakini mtakapopewa karatasi yenye njia ya kutokea, iangalieni tena. Mkikuta jina la anayewapikia halimo, wala la anayewafulia, wala la anayewaendesha, ulizeni kwa nini. Ninyi mnaweza kuuliza katika kikao ambacho yeye haitwi. Swali moja kutoka kwenu katika siku ya utulivu lina thamani kuliko machozi mengi uwanjani siku ya kuondoka. Na ninyi wenyeji, mkisikia mtu akichochea kwamba fulani apigwe kwa sababu ya lafudhi yake, msikae kimya mkangoja kuona. Mkaribisheni huyo mgeni ndani, mfunge mlango, mtoke ninyi kuzungumza.

Yule fundi bado yuko. Baada ya hali kutulia alirudi kutushukuru, nasi tukamwambia juu ya mama wa jikoni, bila kumtaja jina. Alikaa kimya, kisha akauliza: “Kwani yeye hakupewa karatasi?” Alikuwa amekula chakula cha mikono yake kwa miaka miwili, na hakuwa amewahi kuliwaza jambo hilo. Hatukumlaumu. Alisema ataliuliza katika kikao chao cha usalama. Tunasubiri kusikia alijibiwa nini, na tutawaeleza.

Mpaka juma lijalo, tunawaombea amani, ninyi mlio ndani ya uzio na ninyi mlio nje yake.